Sanda ya Dosmail

Jumatatu, 27 Septemba 1965
Dosmail amekata roho alfajiri. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na kuaga hakuaga — tabia yake ileile! Nimefungua sanduku: sanda yake panya wameitafuna. Duka la ushirika lina kitambaa chekundu tu, cha bendera. Mume wangu azikwe na bendera? Thubutu!
Adhuhuri kitu kimeshuka malishoni na parachuti. Tufe kubwa kupita mtu, limeungua jeusi. Lakini parachuti — nyeupe! Nimechukua mkasi wa kukatia manyoya. Mkamwana wangu Kalamkas akaanza: Mama, cha serikali hicho! Nikamwambia shika huko, vuta, machozi baadaye.

Jumanne, 28 Septemba
Tumemzika. Mullah kagusa sanda, kaniangalia, kaendelea na dua. Afadhali. Kitambaa kinateleza, fundo halishiki.

Jumatano, 29 Septemba
Helikopta! Wamelitafuta siku mbili, lilianguka mbali na walikopangia. Askari mmoja mropokaji kamwambia Kalamkas: ndani mna kamera, inazunguka juu kupiga picha nchi za adui, halafu filamu inaangushwa, wanakuja kuiokota. Watu wazima hawa! Nimecheka. Kisha nikawaza — na mimi na mkasi wangu, imetuona?

Alhamisi, 30 Septemba
Wanapima parachuti, mita sita hazipo. Mropokaji anajisifu: Kitambaa hiki, bibi, hakiozi! Ukifukie miaka mia, utakikuta vilevile. Utadhani kakifuma yeye.
Sikula. Mtu ni wa udongo, arudi udongoni. Wangu nimemfungia nje ya udongo, kwa mikono yangu. Mchana, nakamua farasi jike, nimemsikia anageuka kaburini. Shwaa. Shwaa. Farasi naye kasimamisha masikio.
Nimemtuma Kalamkas mjini kwa lori la maziwa. Pamba nyeupe, nimemwambia. Ukirudi na nailoni usiingie kwangu.

Ijumaa, 1 Oktoba
Pamba imefika. Nilitaka nimbadilishie mwenyewe, wakishaondoka. Hawaondoki.
Nimekaanga mikate. Ofisa kaingia, Mkazakhi mwenzetu, kijana mpole, kaketi, kala mmoja. Bibi, kasema, mwenye kitambaa akisema leo, simkamati. Lakini nitakichukua, popote kilipo.
Akanyoosha mkono achukue wa pili. Akaanza kuhesabu. Sita sahanini, mmoja tumboni mwake. Akaacha kutafuna — kwao pia kuna bibi anayekaanga saba kila nyumba inapofiwa. Akaitazama pamba kitandani.
"Nani, bibi?"
Nimemwambia atoke, nivae viatu, nitampeleka kaburini. Katoka kweli. Anasubiri mlangoni, kofia mkononi. Viatu nimeshavaa. Mropokaji anauliza koleo la kuchimbia liko wapi, na Kalamkas ananitazama mimi —