Karatasi Iliyotuita Mume na Mke

Mke wangu Zaituni,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyokuwa ukiilalamikia. Mimi mzima, ila nimechoka. Naandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Tukianza tu kuongea najikuta nakuuliza habari za mvua za huko Tunduru, unanijibu, salio linaisha, na jambo lenyewe linabaki kooni.

Jambo lenyewe ni hili: nyumba ya Lizaboni nimeiacha. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi sita, nimeuvunja.

Kodi tulikuwa tunaichanga, unajua. Vitumbua vyako na vitanda vyangu. Ulipokwenda kumwuguza baba yako nikabaki na vitanda peke yake, na siku hizi watu wananunua vya chuma. Nilijikongoja. Niliuza mashine ya randa, nikakopa kwa kaka, na kodi ya miezi sita mingine ilipofika sikuwa na cha kuuza tena. Vyumba viwili na sebule, mtu mmoja. Hata ile rafu ya vyombo niliyokupigilia ukutani nimeiacha, kwa sababu mwenye nyumba wetu, Bibi Ngonyani, anasema kilichopigwa msumari ni cha nyumba.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kuiomba hiyo nyumba? Ulijitanda kanga mbili, moja juu ya nyingine, meno yanagongana. Bibi Ngonyani akatutazama toka juu mpaka chini.

"Mimi sipangishi mahawara," akasema. "Kama ni mume na mke, andikeni hapo mume na mke, kila mtu atie sahihi yake."

Tukatazamana. Baba yako alikuwa ameshasema binti yake hatabatizwa yeye akiwa hai. Mama yangu naye alikuwa ameshalia vya kutosha kwamba mwanawe haoi nje ya kanisa. Hakukuwa na padri wala shehe aliyetuandikia chochote. Ukachukua kalamu, ukaandika jina lako kwa herufi kubwa, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulipotoka nje ulicheka mpaka ukashika ukuta: "Haya, tumeozwa. Na mahari kachukua mama mwenye nyumba!"

Tulikaa miaka sita. Kila mkataba ulipoisha tulisaini mwingine, na kila mara ulinitania kwamba tunafunga ndoa upya, nimekununulia nini? Mwaka mmoja nilikuletea dagaa wa Nyasa. Ulinuna, halafu ukawala wote peke yako.

Wiki iliyopita Bibi Ngonyani alimwita mjumbe wa mtaa aje ashuhudie tukiuvunja mkataba. Bibi hakuwa na ubaya. "Kukosa si aibu, baba," aliniambia, na kile kipengele cha notisi akakisamehe. Lakini mjumbe ni mtu wa taratibu. Alisoma mkataba wote, akagonga karatasi kwa kidole.

"Waliosaini ni wawili. Wa pili yuko wapi?"

"Yuko Tunduru, anauguza."

"Na wewe ni nani yake, hata usaini kwa niaba yake?"

"Mume wake."

"Cheti kipo?"

"Cheti ndicho hicho tunachokivunja," nikamwambia.

Bibi akajifanya anafunga kitenge vizuri. Mjumbe akanisogezea kalamu, nikasaini palipoandikwa mke. Uniwie radhi kwamba sikukuuliza kwanza. Niliogopa ungejibu "sawa" upesi mno.

Naogopa, sitakuficha. Uliniambia msimu wa korosho ukiisha utarudi, inshallah. Korosho zimeuzwa, zimekwisha, na mikorosho iko karibu kutoa maua tena. Mwezi uliopita dada yako alipokea simu yako, nikamsikia akikwambia, "Yule fundi anakutafuta." Zamani aliniita shemeji. Sijui amejisahau au ameambiwa. Kwa baba sikulaumu hata kidogo. Mzazi ni mzazi, na mimi ningekaa na wangu. Ila kungoja bila kujua ninachongoja kumenichosha kuliko hiyo kodi.

Kwa sasa nalala karakanani, kwenye kitanda cha mteja ambaye hajaja kukichukua. Nimepata chumba kimoja hapo jirani. Mwenye nyumba ni mzee asiye na maneno mengi. Aliniwekea mkataba mezani akauliza swali moja tu: "Mnahamia wangapi?" Nimemwomba anisubiri mpaka Jumatatu.

Mpe baba shikamoo yangu, mwambie namwombea. Kisha nijibu, hata kwa ujumbe mfupi, nijue cha kumwambia yule mzee. Tuko wangapi?

Mumeo,
Kristofa