Baba Zuhura, Ramazani Haondoki

Baba Zuhura,

Sisi huku wazima. Hali yako siulizi, maana huwezi kunijibu, na unajua mimi sipendi kuuliza kitu mara mbili. Nimekaa uani, Zuhura amempeleka mwanawe kwa mama mkwe, mgebuka, samaki wangu wa kuuza leo, wamekwisha mapema, basi nimesema nikuandikie kabla hujasikia kwa wengine. Watu wanakufa hapa Ujiji, na karibu wote ni washabiki wa mpira. Yeyote kati yao anaweza kukufikia na habari hii akaigeuza.

Habari yenyewe ni kwamba nimesema. Lile neno ulilolisema wodini mbele yangu na Mwenyekiti, ukatuapisha tusilitoe, mimi nimelitoa. Tena mbele ya watu wengi. Sikiliza kwanza, ndipo unune.

Unaikumbuka siku ile. Mwenyekiti wa timu yenu, Kuhe, alikuja na machungwa, akawa anazungusha maneno, hajui mtu anamuulizaje mgonjwa nani atachukua timu yake. Ukamkatisha: "Mpeni Ramazani." Mwenyekiti alidhani ni homa. Hata mimi nilidhani ni homa. Ramazani, yule winga wa Kibirizi, ambaye miaka yote aliyokuchezea ulikuwa unampigia kelele moja tu, "Rudi nyuma", mpaka usingizini ulikuwa unamrudisha. Ukasema, "Mimi najua kuzuia. Yule anajua kwenda mbele. Nimekaa naye miaka yote hii, sijaweza kumharibu." Kisha ukatutaka tusimwambie mtu, hata yeye mwenyewe, kwa sababu watu wakijua ni chaguo lako watamlinganisha na wewe kila mechi. Tukaapa. Wiki ile ile ukatuacha.

Ulitaka asilinganishwe. Walianza kabla maturubai ya msiba hayajashushwa.

Mimi nilikuwa ndani ya eda, sitoki, na kibanda cha Hamisi kinyozi kimeegemea ukuta wa chumba chetu. Kila neno la kijiweni lilinifikia kitandani. Mwanzo yalikuwa maneno mazuri: Mwalimu alikuwa mtu wa watu, Mwalimu hakuwahi kuchelewa mazoezini. Nilikuwa nasikiliza huku nafuta machozi. Halafu ligi ya mkoa ikaanza, na Ramazani akashinda mechi ya kwanza mabao manne. Kuhe, mabao manne. Timu ambayo mikononi mwako ikipata bao moja watu walikuwa wanatoa sadaka. Mechi iliyofuata wakafunga matatu. Hapo ukuta ukaanza kusema mengine.

Na sikiliza nani alisema nini, maana nilidhani nimechanganya sauti. Hamisi, ambaye kila mechi alikuwa anasimama nyuma ya benchi lako akidai mzee atolewe, Hamisi aliyekubandika jina la Mwalimu Bilabila, huyo sasa ndiye mtetezi wako mkuu. Anasema mabao yote haya ni matunda ya msingi wako, kwamba Ramazani amekuta nyumba imejengwa akapaka rangi tu. Na Sadiki, fundi wa injini za boti, rafiki yako, aliyelibeba jeneza lako upande wa mbele, huyo ndiye anayesema, "Tuseme ukweli, marehemu alituchelewesha." Aliposema hivyo nilishika kiatu changu. Kama si eda, kingepita dirishani.

Zuhura alinieleza baadaye. Eti Hamisi anakusifu kwa kuwa alikuzoea, hana tena wa kumtukana, na kumtukana Ramazani hawezi kwa sababu anashinda. Sadiki naye alikutetea miaka mingi mpaka amechoka, anapumzika.

Ikafika mahali mji umegawanyika. Kuna Wana Msingi na Wana Mabao. Sokoni mtu anakuuliza kwanza uko upande gani ndipo akupimie dagaa. Mwuza mawese mmoja anayetoka Mwandiga, asiyejua mpira hata kidogo, aliulizwa asubuhi akasema Msingi, akaulizwa mchana akasema Mabao, na jioni akarudi kwao na madumu yake yakiwa bado yamejaa.

Kisha Sadiki akaenda kunyoa kwa Hamisi. Sijui alifikiria nini. Niliwasikia wakianza vizuri, wanaulizana habari za watoto. Mashine inanguruma. Ikafika upande wa kushoto, Sadiki akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kwa Mwalimu tungekuwa tumeshatolewa. Mashine ikazimwa. Hamisi akamwambia, "Inuka kwenye kiti changu." Sadiki akasema, "Maliza kwanza." Hamisi akasema, "Nenda kwa Ramazani akumalizie, si ndiye anajua kumalizia?"

Baba Zuhura, alitoka pale nusu kichwa kinang'aa na nusu kina nywele. Akaenda kwa kinyozi wa Mwanga, yule akasema hawezi kuingilia kazi ya mwenzake. Mkewe akataka kummalizia kwa wembe, Sadiki akakataa, akasema anataka Kigoma nzima ione ushahidi. Alivaa kofia siku za kazi, na siku za mechi akaivua.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Niliufunika mdomo kwa khanga ili wasinisikie, maana mjane akicheka ndani ya eda wanasema mengi.

Eda ilipokwisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika ndoa yetu yote. Nilienda mpirani. Nilimwambia Zuhura nataka tu kuona ni nini hasa kinachomshinda marehemu baba yake. Nilikwenda nimekunja uso, nimejitanda vizuri, nimekaa upande wa wanawake nikiwa na nia ya kutopendezwa. Walikuwa wanacheza na timu ya Ilagala. Kipindi cha kwanza nilifanikiwa. Kipindi cha pili kuna kijana wetu mmoja mwembamba aliupata mpira karibu na mstari, akawapita wawili, akampita wa tatu, na mimi nikajikuta nimesimama juu ya benchi, khanga iko mabegani, napiga kelele ambazo sijazipiga tangu nimzae Zuhura. Akafunga. Nilimkumbatia mama mmoja nisiyemjua mpaka leo. Kesho yake sauti ilikuwa imekauka, nikauza samaki kwa kuonyesha vidole.

Nilikuwa na hasira na wewe, nikwambie ukweli. Miaka yote ulikuwa unarudi na tope, umechoka, mimi nachemsha maji ya kuoga najua umetoka kazini. Kumbe ulikuwa unakwenda kwenye raha ya namna ile na hukunichukua. Zuhura akasema, "Mama, usijisumbue, enzi za baba hukukosa kitu." Nikamfukuza jikoni.

Lakini Hamisi alikuwa ameniona juu ya benchi. Siku mbili tu, mji mzima unajua kwamba hata mjane wa Mwalimu amehamia kwa Wana Mabao. Sadiki akaniletea sukari kunikaribisha. Nikamrudishia sukari yake.

Sasa, Kuhe ilipokuwa bingwa wa mkoa, kamati ikapata saruji ikajenga chumba cha wachezaji pale uwanjani. Wana Msingi wakataka jina lako liandikwe ukutani. Wana Mabao wakasema jina litasubiri, chumba kimeletwa na mabao. Wakashindwa kuelewana, basi Ijumaa moja baada ya swala wote wakaja hapa kwetu. Barazani palijaa, wengine wakakaa chini. Walitaka mimi niamue. Mwenyekiti alikuwepo, ameketi karibu na mlango, anaangalia mabati kama mtu anayehesabu misumari.

Na Ramazani alikuja. Alikaa mwisho kabisa, mikono katikati ya magoti. Hamisi alisema yake, Sadiki akasema yake huku kofia iko mkononi na nywele zake bado hazilingani. Walipoanza kupandishiana sauti, Ramazani akasimama.

Akasema, "Mama, samahani. Mi sitaki maneno mingi. Naenda zangu Kalemie, kwa bandugu za baba. Kule kuna timu inanitaka. Hapa nikishinda, ni ya Muzee. Nikipoteza, ni yangu. Na Muzee mwenyewe hakunipenda. Maisha yangu yote ni 'rudi nyuma, rudi nyuma'. Basi narudi nyuma."

Nilimtazama Mwenyekiti, na yeye akatazama misumari yake. Nikajua hatasema. Nami nilikuwa nimeapa. Lakini uliniapisha ili kijana asilemewe, na kijana alikuwa amelemewa mbele ya macho yangu, anafunga mzigo. Ningenyamaza, ningekuwa nimetunza maneno yako nikaipoteza timu yako.

Basi nikasema, "Ramazani, kaa. Aliyekuchagua ni yeye."

Nikaeleza yote. Machungwa, kitanda, kila kitu. Nilipofika kwenye "sijaweza kumharibu", nilijitanda khanga upya, nikaendelea. Mwenyekiti akaitika, "Ni kweli, nilikuwepo," na wote wakamgeukia kwa macho yaliyonifanya nimhurumie.

Ramazani hakukaa. Akauliza, "Alisema hivyo akiwa na akili zake?" Nikamwambia ulikuwa na akili zako, na dakika hiyo hiyo ulimlalamikia nesi kwamba uji una sukari nyingi. Hapo akaamini. Akaenda kwenye bomba letu la uani, akanawa uso, akakaa huko muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Zuhura akampelekea taulo.

Nilidhani ugomvi umekwisha. Baba Zuhura, hukuwafundisha hao watu mpira peke yake, uliwaachia na ubishi. Hamisi ndiye aliyeanza. "Mnaona? Hata mabao ni yake. Alimchagua mwenyewe." Sadiki akasimama. "Mnaona? Hata mwenyewe alijua amefika mwisho, mpira wa kuzuia umekwisha." Kila mmoja amelichukua neno lako lile lile akaondoka nalo kama amelishinda yeye. Walitoka hapa wakibishana, wakabishana njiani, nikawasikia wanamalizia nyuma ya ukuta wangu. Ila nasikia Hamisi alimkalisha Sadiki kitini jioni ile akammalizia kichwa, huku wakiendelea.

Ramazani haondoki. Aliniambia Jumamosi, hapa hapa uani. Anakuja siku hizi kabla ya mechi, anakula ugali wa muhogo na samaki, halafu ananiuliza ulikuwa unawapangaje mabeki, maana sasa wanafungwa sana. Nimemwambia mimi sikujua kitu zaidi ya maji ya kuoga. Hakati tamaa. Ananiuliza ulikuwa unasema nini ukirudi. Namwambia ulikuwa unalalamika kuhusu nani hakukaba, na nyumba nzima ilikuwa inajua jina lake. Anaandika.

Jina lako bado halijaandikwa ukutani. Kamati imeunda kamati. Ukuta umepakwa chokaa, na kwa sasa kuna mtu ameandika kwa mkaa kwamba ni marufuku kukojoa hapo. Hamisi anaona uchungu. Mimi siuoni. Wakishaliandika watalizoea, watapita bila kulisoma. Saa hizi linatajwa kila asubuhi, nyuma ya kitanda chetu, kwa sauti za watu waliokasirika, na mimi naamka nalo. Upande wako wa kitanda bado uko kama ulivyouacha. Nimejaribu kulala katikati, sijaweza.

Karibuni Kuhe wanakwenda Tabora kucheza na mabingwa wa mikoa mingine. Wanakwenda kwa treni, na mimi nakwenda nao. Zuhura ameshona gauni la rangi za timu, linanibana mikono lakini nitalivaa. Sadiki na Hamisi wamekata tiketi behewa moja, Mungu awasaidie watakaokaa karibu nao.

Nikuage, jua limeshuka na sijawasha jiko. Usinune kwa ajili ya siri yako. Ukinuna, unune kidogo, kisha nisamehe kama ulivyozoea, bila kusema. Nikirudi kutoka Tabora nitakuja kaburini kung'oa majani na nitakupa matokeo yote, hata kama ni mabaya, hata kama utaniuliza kwa nini beki wa kulia alikuwa mbele.

Na nakuahidi hivi. Tukifunga, nitashangilia na wenzangu, sitajizuia, usinitarajie. Lakini kipa wetu akidaka, wakati wenzangu wote wanasubiri tu mpira urudi mbele, mimi nitasimama juu ya benchi peke yangu na kupiga makofi. Wakiniuliza kuna nini, nitawaambia nina mtu wangu ambaye hapo ndipo angefurahi.

Mkeo, ambaye hajakuacha,
Mama Zuhura