Zulia Langu Halikutoka Kigoma

Kalemie, Jumatatu jioni. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha mchana, na sasa jua linapiga bati utadhani halikuondoka. Umeme hakuna. Naandika kwenye simu kabla chaji haijaisha, maana nisipoandika nitavunja sahani, na sahani zetu zenyewe ni chache.

Nina hasira na mume wangu.

Nina hasira pia na mke wa shefu wake wa kazini, na kidogo na mama mkwe wangu, ingawa yeye nitamfikia.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua kwamba maji ya ziwa yalipopanda tulihama nyumba yetu ya ufukoni tukaja huku mlimani. Tuliokoa godoro, viti na sufuria. Mama mkwe naye maji yalimtoa kwake, kwa hiyo anakaa nasi. Neema, mtoto wetu, anasoma Moba, analala huko huko kwa masista. Sebule ya nyumba hii ya kupanga ina sakafu ya simenti iliyopasuka, na kila nilipoingia nilijiona naingia depo ya mizigo ya mtu.

Jirani aliyehamia Lubumbashi aliniachia zulia. La kijivu, tupu, halina ua wala mstari. Nililitazama siku kadhaa, halafu nikasema: hili nitalipaka rangi mwenyewe.

Nililifua, nikalianika, nikalitandaza uani na mawe kwenye pembe zake. Nilikata pembetatu kwenye katoni ya maziwa ya unga, nikapima kwa kamba, nikachora mistari kwa chaki ya shuleni. Rangi ilikuwa ile ya maji, ya kupaka ukutani, nyeupe na nyekundu ya matofali. Niliichanganya na kola nyeupe, ile gundi, ili ikikauka isipasuke mtu akikanyaga. Kisha nikachukua kipande cha sponji cha godoro bovu. Siri yote ni kugonga, si kusugua. Ukisugua, rangi inakimbilia chini ya katoni na pembetatu inageuka doa.

Pembetatu zangu nilizipanga moja nyuma ya nyingine, kama zile koko wangu, mama wa mama yangu, alizokuwa akisuka kwenye mikeka kule Kirungu. Alikuwa akisema ni mwezi unaandama. Kila nilipotoka darasani nilivua viatu vya ualimu nikainama uani mpaka mgongo ulie. Kuku wa jirani alipita juu ya rangi mbichi akaacha nyayo zake pembeni. Nilimtukana kuku yule matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nyayo nikaziacha, maana kuzifuta kungeharibu zaidi.

Na mume wangu? Papa Neema alikuwa akitoka kazini, anasimama mlangoni na shati lake la biro, la ofisini, anacheka.

“Mama Neema, umerudi mutoto? Hiyo rangi ni ya ukuta. Watu wakikuja, ufiche hiyo kitu.”

Sikuficha. Lilipokauka nikalitandaza sebuleni. Sakafu iliyopasuka ikapotea, na kwa mara ya kwanza tangu tuhame nilikaa chini, nikaegemea ukuta, nikahisi niko kwangu.

Halafu ikaja jana.

Shefu wa mume wangu alikuja na mkewe baada ya misa, kula nasi. Nilipika bugali na migebuka. Mama Shefu, ndivyo sote tunavyomwita, alipoingia tu alisimama. Hakuangalia kiti alichoonyeshwa. Aliangalia chini.

“Ee, tapi ya muzuri hivi! Mulitoa wapi?”

Nilikuwa nimeshika sinia. Nilifungua kinywa.

“Nililetaka toka Kigoma,” Papa Neema akasema. “Ile safari ya kazi. Niliona, nikasema hii lazima iingie kwangu.”

Kutoka safari ile ya ng’ambo ya ziwa alirudi na sabuni. Sabuni na mafua.

Mama Shefu aliinama akagusa. Akauliza zile alama ndogo pembeni ni maua gani. Mume wangu, aliyeshuhudia kuku yule kwa macho yake, akajibu bila kupepesa: “Ndo mutindo ya kule.”

Sikusema kitu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi ninayesimama mbele ya watoto kila siku nikiwafundisha kusema ukweli, nilisimama na sinia kama meza. Nikageuka nikaenda jikoni. Mama mkwe alinifuata. Alikuwa ameniona wiki nzima nimeinama uani, alikuwa hata akiniletea maji. Akaninong’oneza: “Nyamaza, binti yangu. Mwanaume hawamupatishi haya mbele ya shefu yake.”

Nikanyamaza. Samaki walikuwa watamu, walisema.

Walipoondoka Papa Neema alikuwa na furaha ya bwana harusi. “Umeona? Mama Shefu amependa sana! Nimemuahidi nitamuletea ingine.”

“Utaitoa wapi?”

“Si weye utafanya? Utapaka rangi ndani, mulango umefungwa. Tutasema imefika na boti.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilimwambia hapana. Akaniambia ni rangi tu, nisiwe na roho ngumu, kazi yake ndiyo inayotulisha. Kana kwamba mimi darasani naenda kuota jua! Nilimwambia asogeze miguu, nikalikunja zulia langu, nikalisimamisha kwenye kona ya chumba. Akalala amenipa mgongo.

Leo nimerudi kutoka shule na kumbe mtu wa pikipiki ameshaleta mzigo: zulia jipya, tupu, rangi ya mchanga, pamoja na makopo ya rangi ya kijani na ya njano. Mama Shefu anapenda kijani, inaonekana. Mume wangu hakuniuliza hata rangi.

Nilikaa nikayatazama yale makopo. Kisha nikalibeba lile zulia, nikasimamisha pikipiki barabarani, nikaenda kwa Mama Shefu.

Alinipokea mlangoni kwa tabasamu. “Karibu, Mama Neema! Boti imefika mbio hivi?”

“Hakuna boti, Mama. Tapi uliyoona kwetu niliipaka mimi, pale uani, na rangi ya ukuta. Hii hapa ni tupu. Ukipenda nitakupakia rangi, kwa roho safi. Lakini ujue ni mikono yangu.”

Tabasamu likabaki usoni mwake kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

“Rangi ya ukuta?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na zile alama?”

“Kuku.”

Akarudisha mguu wake nyuma, utadhani kuku mwenyewe yuko pale. “Ah. Basi acha tu. Mie nilitaka kitu ya inje.”

“Jana uliisifu mpaka chakula kikapoa.”

“Jana nilizani inatoka Kigoma,” akasema, na wala hakuona aibu.

Hakuwa mkali. Alinikaribisha soda. Ingekuwa afadhali angenifukuza, ningejua pa kuiweka hasira yangu. Nilikataa soda, nikaaga kwa adabu, nikatoka. Pikipiki haikuwepo tena. Nikapanda mlima kwa miguu, tope mpaka kifundoni, zulia begani, na njia nzima nilikuwa nikizungumza peke yangu. Mama mmoja muuza maandazi alinisalimia mara mbili, nikajibu alipokwisha kupita.

Pembetatu ni zile zile. Macho yake ni yale yale. Kilichobadilika ni jina la mahali. Sasa niambieni, tatizo ni zulia au ni sisi?

Sikuwa nimefika nyumbani vizuri, Papa Neema naye akaingia, kabla ya saa yake ya kutoka kazini. Mama Shefu alikuwa ameshampigia mumewe simu, na shefu amecheka biro nzima ikisikia. Wameanza kumwita Papa Kigoma.

“Umeniua, Mama Neema. Umenipeleka sokoni uchi.”

“Nani alisema uongo, mimi au weye?”

“Ulitaka niseme nini?” Sauti yake ilipanda, halafu ikavunjika. “Kwamba kwangu tunapaka tapi rangi ya ukuta sababu maji ilituachia viti tu? Wote wanajua maji ilitukuta. Wananiangalia na huruma kila asubuhi. Nilitaka siku moja tu waone tuko na kitu!”

Nakiri, hapo nilimwonea huruma. Kidogo. Ilikuja, ikakaa, ikaona hasira imejaa nyumba yote, ikaondoka.

“Tulikuwa na kitu,” nikamwambia. “Ulikuwa umesimama juu yake.”

Alikaa kwenye kiti, simenti imejianika chini ya viatu vyake, akaangalia ile mipasuko kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Akaja akifuta mikono kwenye kitenge. Nilijiandaa kusikia tena habari za haya ya wanaume. Badala yake akaligusa lile zulia la mchanga kwa kidole cha mguu.

“Hii imekataliwa?”

“Imekataliwa, Mama.”

“Basi ni yangu. Chumba changu kina baridi. Kijani siitaki. Unipakie nyekundu, kama ile yako.” Kisha akamgeukia mwanawe. “Na weye utashika katoni. Mgongo wa mke wako umechoka.”

Papa Neema alitazama mlango. Nadhani alikuwa anahesabu kama anaweza kuufikia. Mama yake hakusogea. Mwisho akasema, taratibu, kwamba kesho atawahi kurudi.

Hajaniomba msamaha. Nimengoja tangu hapo, naandika na sikio moja liko sebuleni, bado hajaomba. Kwa hiyo mimi nami sijapoa, na sitajifanya nimepoa kwa sababu mama yake amenifanya nicheke. Nilicheka, ndiyo. Jikoni, peke yangu, nimeziba mdomo. Nilipomaliza kucheka hasira ilikuwa pale pale inaningoja.

Lakini nimeamua. Hatutapaka ndani, mlango umefungwa. Tutatandaza uani, mchana kweupe, geti wazi. Majirani wapite, wa biro wapite, hata Mama Shefu akipenda apite. Wamwone Papa Neema amepiga magoti, katoni mkononi.

Na atakayeuliza linatoka wapi, mimi nitainama niendelee kugonga sponji. Atajibu yeye.