Nusu ya Kichwa

Jumamosi, 6 Juni

Kitinda mimba wangu kaja kusukwa. Kila baada ya wiki mbili lazima aje. Huko nje ni makamu wa rais, hapa ni kichwa tu kama vichwa vingine. Kakaa mkekani, mabega katikati ya magoti yangu, analalamika. Mama, unavuta! Nikamwambia tulia, umezaa watatu hukupiga kelele hivi. Tukacheka.

Nimemaliza upande wa kushoto, mistari saba, mlinzi wake kaingia na simu. Mwanangu kaisikiliza, kasimama. Mzee amefariki, mama. Rais! Nikasema kaa basi nimalize, marehemu hana haraka tena. Hakukaa. Kanivua kitambaa changu kichwani, kajifunga, huyo! Hata kuaga hakuaga.

Nimebaki na kitana mkononi. Nimekaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 7 Juni

Ameapishwa. Nimeona kwenye televisheni, hakuna aliyekumbuka kunichukua. Wengine wote wametazama mkono alioinua. Mimi nimetazama kitambaa — kile kile changu cha bluu, na alama ya pasi pembeni, nilipokiunguza mwenyewe! Mtangazaji anasema rais mpya amejifunga kwa heshima ya marehemu. Heshima! Upande wa kulia ni timutimu tupu chini ya hicho kitambaa. Tunajua wawili tu, mimi na yeye.

Nimelia kidogo. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo sikulia.

Jumanne, 9 Juni

Jirani fundi cherehani kaja mbio. Wanawake wamempangia foleni, wanataka kitambaa cha bluu kama cha rais. "Mama Rais, hongera!" Nikamwambia shika adabu, watu wana msiba. Akauliza, anakupigia lakini? Nikasema kila siku.

Uongo. Mungu anisamehe. Nikipiga mimi anapokea katibu wake: mheshimiwa yuko kikaoni, bibi. Mheshimiwa! Nimemfuta kamasi huyo.

Ijumaa, 12 Juni

Walinzi wawili getini kwangu. Nikirudi sokoni wananiuliza naenda kwa nani. Kwa nani! Nimewaambia naenda kwa mwenye nyumba, mzee mmoja mkali, jihadharini naye.

Jioni katibu kapiga mwenyewe. Eti Ikulu kuna msusi, kesho atammalizia mheshimiwa, nisijisumbue. Nikamwambia sikiliza, binti: kichwa kimoja hakisukwi na watu wawili. Huyo msusi wenu atafumua na mistari yangu. Tangu kiote nywele kichwa hicho hakijaguswa na mtu mwingine. Kasema atamuuliza mheshimiwa.

Amuulize. Naogopa jibu.

Jumamosi, 13 Juni

Saa nne asubuhi gari limekuja. Kalituma nani, dereva hajui. Nimebeba mkeka, mafuta, kitana, na daftari hili la kupotezea muda. Mlangoni wamechukua kitana kwa sababu kina mkia wa chuma. Ni utaratibu, bibi. Nikasema mkia huo umepita kichwani mwa rais wenu miaka arobaini na bado yu hai. Hawakucheka. Watu wa huku hawacheki.

Wameniweka chumba chenye viti ishirini. Nimevihesabu mara tatu. Mkeka nimeutandika juu ya zulia lao.

Saa sita. Saa saba. Katibu kachungulia: anakuja, ila dakika kumi tu, mabalozi wanamsubiri. Dakika kumi! Mistari saba ni saa nzima, tena kwa kitana. Mimi nina vidole tu.

Kaingia. Kavua viatu, kakaa mahali pake mkekani. Nimefungua kitambaa. Mistari yangu saba ipo, imechakaa, lakini hakuna aliyeigusa. Nikasema nitavuta, usilie. Nimeinama kumtazama — amelala! Kichwa chote kimelemea goti langu. Macho yameingia ndani, kama hajalala tangu siku ile.

Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kichwa. Nikianza kusuka ataamka. Nikiacha, atatoka hivi hivi, na huyo msusi yupo anangoja.

Katibu anagonga mlango.

Nitasuka mstari mmoja tu. Taratibu.

Anagonga tena.