Majivu ya Lukoro

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekuwa na huruma kidogo siku hizi. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila kifua hunibana kwa baridi, maana mvua ya Kakamega haina adabu: huingia kila alasiri bila kupiga hodi. Ulisema hutaki habari za simu, kwamba maneno ya simu yakishasemwa yamekwenda, na kwamba Fatuma akikusomea barua unaweza kumwambia, "Hebu rudia hapo." Haya basi. Fatuma mdogo wangu, soma polepole, na nikikutaja usiruke.

Najua umekasirika. Arusi ya kaka Athumani imepita nami sikuwepo, na leso yangu ulikuwa umeshaniwekea. Shangazi naye nasikia amesema huku bara nimesahau kwetu. Sikusahau, Mama. Siku ile ile mlipokuwa mkimtoa bibi arusi, mimi nilikuwa uwanjani huku, nimesimama kando ya rundo la majivu, nalia mbele ya watu. Ngoja nikueleze. Usiponisamehe, angalau utacheka.

Shule yangu unaijua kwa maneno yangu: ndogo, kando ya barabara iendayo Malava, miwa mbele, miwa nyuma. Kibao cha langoni kinasema Lukoro. Nasomesha Kiswahili, na wenyeji hapa wana lugha yao wanayoanza nayo nyumbani, kwa hivyo l na r kwao ni mapacha: ukimwita mmoja, huitika yeyote. Siku yangu ya kwanza mpishi wa shule, Mama Jerida, alinijia mlangoni akasema, "Mwarimu, kuja ukure." Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mimi sikujiandikisha huku, kura yangu iko Takaungu. Alikwenda, akanirudia na sahani ya ugali. Walimu wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi nikala kiapo cha kuinyoosha hiyo l, na wino wangu mwekundu umekwisha mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Basi mwanzo wa mwaka mwalimu mkuu akanipa michezo. Mimi, Mama, nisiyeweza hata kuikimbia mvua! Wengine wote walikuwa na visingizio, mimi mgeni sikuwa nacho. Ndipo nikamjua Naliaka.

Naliaka yuko kidato cha nne. Wazazi wake hukata miwa. Hutoka kwao alfajiri, huja shuleni mbio na vitabu amevifunga mgongoni kwa kanga kuukuu, na akifika hahemi. Siku moja nilimwambia azunguke kiwanja nimpime kwa saa ya simu. Nilipotazama saa nikadhani simu imeharibika. Nikamwambia azunguke tena. Akazunguka, ikawa vilevile. Nilimuuliza anataka nini kwa mbio hizi, nikitarajia aseme kikombe, au safari, au kuonekana kwenye televisheni. Akasema, "Mwalimu, hapa nakimbianga na miwa tu. Nataka nijue mimi ni wa ngapi."

Neno hilo lilinikaa. Na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Sasa, shule za upande huu haziendi mashindanoni ovyo. Zina chama chao, Umoja wa Michezo wa Shule za Ng'ambo ya Mto, na asiye mwanachama hakanyagi uwanja. Nikafunga safari hadi mjini Kakamega kwa katibu wa Umoja, mwalimu mmoja wa makamo, miwani puani, anayeweka vitabu vya chama kabatini na ufunguo shingoni. Nilikwenda nikidhani ni jambo la fomu na muhuri. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri, na nilipotoka kichwa kilikuwa kizito kwa mambo niliyoyasoma.

Mama, usione vyaelea, vimeundwa. Umoja huo ulianza na shule mbili tu zilizokuwa hazisemezani. Kila shule ilikuwa ikishinda nyumbani kwake, na kila mshindwa akisema mstari wa kumalizia umepindishwa. Chokaa ya kuchorea uwanja hawakuwa nayo. Walimu wakuu wakakaa chini ya upenu wa kanisa, mvua ikinyesha, wakakata shauri: kila shule ilete majivu kutoka jikoni kwake, yachanganywe yote, na mistari ichorwe kwa mchanganyiko huo. Mstari ukiwa wa majivu ya wote, nani atasema umepindishwa na jirani? Saa ya kupimia mbio ilikuwa moja, ikisafiri kwa baiskeli kutoka shule hadi shule, imefungwa kwa kitambaa. Mpaka leo hufanya hivyo, Mama. Chokaa imejaa madukani, na bado wanabeba majivu.

Kisha nikasoma jinsi wengine walivyoingia, mmoja mmoja. Kuna shule ya viziwi. Ilipoingia, Umoja uliacha filimbi; tangu siku hiyo kila mbio huanzishwa kwa kupunga kitambaa chekundu, hata kama hakuna kiziwi mstarini, ili wanaosikia wasimtangulie asiyesikia. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Nilihisi kama nimeingia nyumba ya watu wakubwa na viatu vyangu. Hawa watu niliowahurumia kwa l na r walikuwa wameyafikiria mambo ambayo mimi na diploma yangu sikuwahi kuyafikiria.

Lakini Lukoro haikuwemo. Katibu alipitisha kidole kwenye orodha, imepangwa kwa herufi, akarudia, akarudia tena. "Mwalimu, hiyo shule yenu haiko. Nimeangaria L yote." Akanieleza kwamba mgeni huandika barua ya kuomba, kisha hungoja misimu miwili. "Hiyo ndio sheria. Si mimi." Akanionyesha na sheria yenyewe, na chini yake nyingine, kwa mwandiko wa zamani ulioinama: Aliyeacha kuja hajafukuzwa. Akirudi, apokewe pamoja na majivu yake. Nikaipenda, lakini haikutuhusu. Sisi hatukuacha kuja, hatukuwahi kuja.

Nilimwambia Naliaka jikoni, maana ndiko nilikomkuta, akimsaidia Mama Jerida kuchagua maharagwe. Hakulia. Alisema tu, "Ni sawa, mwalimu," akaendelea kuchagua, lakini nilimwona anatupa mazima na kuacha yaliyotobolewa.

Mama Jerida akaweka mwiko chini. "Nani amesema hatuko? Mimi mwenyewe nirikimbia huko nikiwa msichana wa shure hii. Jifu nikabeba na kichwa, debe mbiri, mpaka huko uwanja. Kisha paa ya shure ikaenda na upepo, watoto wakagawanywa, ikafungwa miaka mingi. Wakati irifunguriwa, warimu wote wapya. Nani angewaambia? Rakini tulikuwanga! Rukolo irikuwa ya tatu kuingia!"

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Si Rukolo, Mama Jerida, ni Lukoro. Mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo.

Kesho yake tulikuwa mlangoni kwa katibu, mimi na yeye, yeye amevaa gauni lake la kanisani. Nikamwomba afungue kitabu kwenye R. "R ya nini?" akauliza. "Fungua tu, Bwana Katibu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Akafungua. Na hapo ilikuwepo, Mama, kwa mwandiko ule ule ulioinama: Rukolo. Imeingia ya tatu. Majivu madebe mawili, yameletwa na mwanafunzi Jelida. Mwandishi wa siku hizo aliandika kama masikio yake yalivyomletea, na shule nzima ikakaa kwenye R miaka yote hii ikingoja mtu wa kuiita kwa jina hilo.

Lakini katibu ni katibu. Akavua miwani. "Rukolo naiona. Lakini kibao chenu kinasema Lukoro, na huyu mama anaitwa Jerida. Nitajuaje kama hizi si shule mbili, na watu wawili?"

Mimi nikaanza kutoa hotuba juu ya matamshi. Mama Jerida akaniwekea mkono begani, ninyamaze. Akamuuliza katibu yeye ni wa shule gani. Akaitaja. "Aaa! Nyinyi mrikuwa mnapikia mabua ya mahindi. Jifu yenu nyeusi kabisa, ikimwagwa chini haionekani. Watoto wanapita mstari hawajui wamemariza! Sisi ndio tulikuwa tunawawekea yetu juu."

Katibu akafunua kurasa taratibu mpaka kwa shule yake mwenyewe, akasoma kwa sauti: Majivu meusi. Yasitumike mstari wa kumalizia. Akacheka, akacheka mpaka machozi, akasimama akampa Mama Jerida mikono yote miwili. "Mulembe, mama." Naye akamjibu, "Mulembe muno," na kwa salamu hiyo ya amani tukawa tumepokewa. Hatukudaiwa barua, wala msimu wa kungoja. Tuliambiwa tulete majivu.

Siku ya michezo ndiyo iliyoangukia arusi ya kaka. Ningeweza kumwachia mwalimu mwingine, hilo nakiri. Lakini Mama Jerida alikuwa amekesha siku tatu akichekecha majivu kwa chekeche ya unga, nami nikaona aibu kumwambia naenda kula pilau.

Shule huingia uwanjani kwa mpangilio wa jinsi zilivyojiunga. Zile mbili za mwanzo zikapita, kubwa, na mabasi yao na bendi. Kisha sisi: wasichana tisa, wavulana sita, na mpishi mbele na debe kichwani. Shule za watoto elfu zilikuwa nyuma yetu zikingoja tupite. Nilisikia watu wakiulizana, "Hawa ni nani?" Mzee mmoja miongoni mwa watazamaji akavua kofia. Mwingine akaita kwa nguvu, "Rukolo imerudi!" na wazee kadhaa wakasimama. Mama Jerida akamwaga majivu yetu juu ya yale mengine, shule zote zikamwaga, na walipoyachanganya kwa makoleo hukuweza tena kujua ya nani ni yapi. Hapo ndipo nilipolia, Mama. Nimeona mengi mazuri, lakini watu kukubaliana hivyo, kwa kitu ambacho kila nyumba hukitupa, sijapata kuona.

Kabla karatasi haijanishinda: nisalimie kaka Athumani na wifi yangu mpya, waambie zawadi yao ipo na naileta kwa mkono wangu. Nisalimie shangazi, tena asomewe barua hii kwa sauti, hasa pale juu nilipomtaja. Mjomba, yule wa madrasa, mwambie sala sijaacha na msikiti wa hapa mjini una watu wema. Bibi mbusu kipajini. Na wewe Fatuma, ambaye najua sasa unaharakisha, mtihani wako wa hisabati nataka kuuona, usiufiche chini ya godoro.

Najua unauliza, "Huyo msichana je?" Nimemweka mwisho kwa makusudi.

Mbio zake zilikuwa za mita elfu tatu. Kitambaa chekundu kikapungwa, wakaondoka wasichana ishirini, wengi na viatu vya miba, yeye miguu mitupu. Hakuwahi kukimbia na mtu ubavuni. Mzunguko wa kwanza alikuwa akigeuka kuwatazama, kama anayeshangaa kuona wapo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa tisa. Kisha wa saba. Kisha akapita wawili pembeni, na mmoja karibu kabisa na mstari, akamaliza.

Wa nne, Mama. Watatu wa kwanza ndio huenda mashindano ya kaunti, kwa hivyo haendi, wala kikombe hakuna. Nilimkimbilia nikiwa na maneno ya kumfariji tayari kinywani. Alikuwa amesimama wima, majivu yamempanda hadi magotini, anacheka. "Mwalimu," akasema, "mimi ni wa nne."

Katibu alikuwa mezani na kitabu, akiandika kila aliyemaliza. Akamuuliza jina. Akalitaja. Nikachungulia begani kwa katibu: Nariaka, Rukolo, wa nne. Nikanyoosha mkono nimwombe kalamu. Naliaka akaushika mkono wangu, akaurudisha chini polepole.

"Wacha tu, mwalimu," akasema. "Mtu akinitafuta, atanipata."

Mwanao akuombeaye afya na msamaha,

Mwanaidi