Uzito wa Nyuma

Jumatatu, 7 Machi 1966

Bwana Ongeri amenipa kazi ambayo sikuiomba. Ana barabara ya kumaliza kabla ya mvua ndefu, na amechoka kuona kokoto ikipakiwa kwa karai. Atanunua trekta yenye loda mbele—bakuli la chuma linalochota na kuinua hadi juu ya lori. Duka la Kisumu limeleta karatasi za trekta mbili, ndogo na kubwa. Zote Kiingereza.

"Karani, wewe umesoma. Niambie nichukue gani. Ukikosea utaila hiyo trekta, na chumvi sitakupa!"

Nyapara wakacheka. Mimi nilizikusanya zile karatasi.

Wanaopakia kwa karai ni wanawake ishirini. Mmoja wao ni Mama.

Jumatano, 9 Machi

Nimesoma mpaka macho yanauma. Kubwa inainua mara mbili ya ndogo. Ni nzito, mbele ina ekseli nene, haiyumbi. Itajaza lori kabla chai haijapoa—na wanawake wote watarudi nyumbani.

Ndogo haiwezi kazi yote peke yake. Nusu ya wanawake watabaki, pengine zaidi. Lakini ni nyepesi. Bakuli likijaa na kupanda juu, magurudumu ya nyuma yanaweza kunyanyuka na trekta ikapinduka. Karatasi zinasema lazima nyuma ifungwe uzito.

Tangu Baba afariki, timbo hili la kuchimba kokoto ndilo linalotulisha. Katikati ya utosi wa Mama hakuna nywele. Karai imezimaliza. Masomo yangu yote yalipita hapo, juu ya kichwa hicho.

Ijumaa, 11 Machi

Nimeandika: ndogo. Chini yake nikaongeza, na kupiga mstari mara mbili, kwamba nyuma lazima uwekwe uzito—bonge la saruji, au maji ndani ya magurudumu. Nilimsomea Bwana Ongeri sehemu hiyo kwa sauti. Alikuwa akitafuta kofia yake.

Mirumbe, dereva wetu kutoka Isebania, amenikasirikia. Kwa nini nimemchagulia mbuzi na fahali yuko? Nikasema timbo ni jembamba, kubwa haitageuka. Si uongo. Si ukweli wote pia.

Jumapili, 13 Machi

Mama amewaambia kanisani kwamba nimechagua ndogo, na kazi itabaki. Mellen, mwenzake wa timboni, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. Nyathi Jedidah, mtoto wa Mama Jedidah, ametuombea kazi, anasema! Wengine wakapiga vigelegele. Nilifungua kitabu cha nyimbo nikajificha nacho uso.

Jumanne, 22 Machi

Trekta ilifika jana. Nyekundu, inang'aa. Watu walitoka sokoni kuja kuitazama.

Leo asubuhi Mirumbe alichota bakuli la kwanza, likajaa, akaliinua. Nyuma ikaacha ardhi. Niliona mwanga chini ya magurudumu! Mirumbe aliruka. Trekta ikarudi chini kwa kishindo. Hakuumia.

Nikamkimbilia Bwana Ongeri. Nikamwambia: Mzee, ule uzito, niliuandika.

"Saruji yangu ni ya madaraja, karani, na pampu ya kujaza maji sina. Na uzito si huu hapa?"

Akawaonyesha kwa fimbo wanawake waliokuwa wakingojea na karai zao. Fundi akafunga ubao nyuma ya trekta. Watano wakapanda, wakisukumana na kucheka. "Mellen peke yake anatosha!" mmoja akasema. Mama alikuwa wa kwanza kukaa.

Bakuli likapanda. Nyuma ikatulia. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikwenda stoo nikazifungua tena zile karatasi, pale penye uzito.

Alhamisi, 24 Machi

Nimemwomba Mama ashuke kwenye ubao ule. Nikamweleza: trekta ikiegemea upande, mwenye kuruka ni dereva. Walio nyuma wanafunikwa.

Alinisikiliza akimenya viazi.

"Nyathina, mwanangu, miaka yote hii nimefanya kazi nimesimama na mawe kichwani. Sasa ninafanya kazi nimekaa. Unataka kuninyang'anya hata hilo?"

Kisha akaniwekea chakula, akanichagulia kipande kikubwa cha samaki. 

Nikamwendea Bwana Ongeri. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba ile ndogo irudishwe, tuchukue kubwa. Hakukasirika—heri angekasirika. Akasema sawa. Mwenye duka ni mtu wake, atabadilisha. "Lakini wanawake wote wataondoka siku hiyohiyo, na wewe ndiye utakayewaambia. Nipe jibu kesho jioni."

Ijumaa, 25 Machi

Mvua imenyesha usiku kucha. Sakafu ya timbo imekuwa matope mekundu. Nilidhani hawatafanya kazi. Wanafanya.

Mirumbe amekataa kuanza mpaka aongezwe mwanamke wa sita. Kwa hiyo na yeye anajua hatari. Mama amefunga leso yake kwenye chuma cha ubao ili apate pa kujishikia, na wenzake wanamcheka kwamba amejifunga kama mbuzi wa mnada.

Jibu langu linangojewa jioni. Nikisema kubwa, nitamwambiaje Mellen? Nikinyamaza—

Injini imewaka. Ninaandika nikiwa dirishani. Bakuli limejaa kupita kiasi, linapanda polepole, gurudumu moja limo shimoni. Mama ameniona. Anacheka, ananipungia mkono. Ule ule aliokuwa akijishikia.