Kienge Ulichokiacha

Ilembo, Mpanda

Kaka Gelasius,

Salamu zangu sina. Za mama utazisoma mwishoni. Mahindi tumevuna, na mbuzi kazaa mapacha.

Nimesikia huko Inyonga ulisimama kanisani ukashuhudia kwamba Mungu amekusamehe, watu wakapiga makofi. Uliwaambia amekusamehe nini? Kwamba ulirina asali nyuma ya nyumba ya mama, ukaacha kienge cha kufukuzia nyuki kinawaka kwenye nyasi kavu kwa uvivu wa kuchota maji ya kukizima? Kwamba nyumba iliposhika moto ulipanda pikipiki ukakimbia, mama akiwa ndani?

Hiyo huruma ya Mungu unayoitangaza, mbona haikupitia kwetu kwanza?

Vidole vya mama havikunjuki tena. Namlisha mimi. Na kila siku hafungui mdomo mpaka nikuombee wewe, kwa jina lako. Nakuombea nimekunja ndita, ili ale tu.

Sasa nimechoka. Salamu zake ni hizi: "Mwambie mwanangu arudi, nilishamsamehe siku ile ile."

Mimi bado. Njoo hivyo hivyo, ushike kijiko.

Dada yako, kwa kuwa sina namna,
Pudensiana